Kabati Lisilo na Ufa

"Andika riwaya."

Mchapaji alisema hivyo akiwa ameinamia ndani ya mashine, makalio yakimwelekea mteja, kwa hiyo ilikuwa kama makalio ndiyo yaliyotoa ushauri. Mtaa mzima unamwita Wino. Hata aoge kwa jiwe, kucha zake hubaki nyeusi.

"Siyo riwaya," alisema Kiberiti.

"Dada yangu, neno moja tu. Hapo chini ya jina la kitabu, ulipoandika 'kisa cha kweli', tuweke 'riwaya'. Nawasha mashine sasa hivi, wewe unarudi kusuka watu wako, mimi nakula kwa amani."

"Yalitokea, Wino."

"Sijasema hayakutokea." Alichomoa kichwa, akajifuta paji la uso kwa mkono wenye wino, akajiongezea nyusi ya tatu. "Nasema kweli ina wenyewe. Wenyewe wakikasirika hawatakuja saluni kukunyang'anya kitana. Watakuja hapa, kwenye mashine."

Kiberiti alikuwa msusi. Jina hilo alipewa na wateja, na halikuhitaji maelezo: mwembamba, mfupi, kichwa cha moto, na ukimkwaruza upande usiofaa anawaka. Kitabu chake alikiandika kwenye simu, kidole kimoja, kati ya kichwa na kichwa. Wateja walidhani anachati na bwana. "Huyo bwana ana maneno mengi!" walimtania, naye akiwajibu, "Huyu hata akinyamaza ana maneno." Kilipokwisha alikipeleka kwa wachapishaji wenye ofisi na kiyoyozi. Mmoja alimwambia ni kizuri ila kina hasira nyingi, apunguze. Akapunguza. Akapunguza wachapishaji, akaja kwa Wino.

Sasa Wino naye alikuwa anamletea nyusi tatu.

"Basi tufanye hivi," alisema mchapaji, akikaa juu ya rimu za karatasi. "Nitafutie mtu mmoja wa ukoo wenu. Mmoja. Asimame hapo ulipo aseme, masikio yangu yakisikia: ndiyo, yalitokea. Sitaki maandishi, sitaki mhuri. Akishasema, nachapa kweli yako hata kwa herufi nene."

Mtu mmoja. Ukisikia hivyo unadhani ni kazi ndogo. Ukoo wao ukikutana msibani viti havitoshi, lakini mtafute mmoja wa kusema kweli, utawakuta wote wana homa.

Maana aliyeandikwa humo alikuwa Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yake, fundi seremala ambaye watu walimwita Timazi, lile jiwe la kamba ambalo mafundi hupimia kama ukuta umesimama wima. Na kweli alikuwa wima. Hanywi, hatukani, hapazi sauti. Meza yake ukiipiga teke unaumia wewe. Ndoa zikiyumba, watu humwita Timazi azinyooshe. Baba yake Kiberiti alipofariki na mama yake kuolewa kwingine, mtoto aliletwa kwa Timazi, na kila mtu akasema, afadhali, kaanguka penye godoro.

Godoro lenyewe lilikuwa kabati.

Lilisimama ukumbini, refu, limepakwa vanishi mpaka unajiona. Mtoto akivunja sahani, anaingia kabatini. Akicheka wageni wakiwepo, kabatini. Akikojoa kitandani, kabatini asubuhi mpaka watu wale, waoshe vyombo, wapumzike. Timazi hakumpiga hata kofi. Alimshika mkono taratibu, kama anamvusha barabara, akamwingiza, akarudisha komeo. Na hilo ndilo lililomchoma Kiberiti mpaka leo: hakuwa na kovu la kuonyesha. Watu wanapenda kovu. Ukiwaambia nilipigwa wanasema, tuone. Ukiwaambia nilifungwa kwenye giza wanasema, lakini si ulikula? Si ulisoma?

Kitu pekee kizuri katika sura zile zote kilikuwa ufa. Juu ya mlango, mbali na mikono ya mtoto, palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga. Aliamini mbao zilipasuka zenyewe, kwamba kitu kimoja katika nyumba ile kilikataa kumtii Baba Mkubwa. Mwanga ulishuka mpaka kwenye magoti yake. Aliutegea kiganja, akaukamata, akauachia, akaukamata tena. Aliupa majina. Aliusimulia hadithi. Na hata alipokuwa mtu mzima, mwenye saluni na wateja, alipoandika kitabu chake alikitabaruku hivi: *Kwa ufa ambao hakuna aliyeuziba.*

Mtu mmoja, basi. Akamfikiria Wakili.

Wakili alikuwa binamu yake, mtoto wa Timazi, na hakuwa wakili. Alisoma sheria mpaka sheria zikamchoka, sasa anauza vioo vya simu, ila tai hajaivua. Utotoni walilala chumba kimoja. Mara moja tu, Kiberiti akiwa kabatini, Wakili alipita akagonga mlango kidogo, ko ko, akakimbia. Kiberiti aliiandika ile ko ko. Aliiandika vizuri kuliko ilivyostahili.

Wakili alikuja saluni, akaketi kiti cha kuoshea nywele, akasema, "Dada, nipe hiyo nakala ya majaribio niisome. Nikiona iko sawa, nitakwenda mwenyewe kwa huyo mchapaji wako."

"Utasema?"

"Sisi si ndugu?"

Akampa. Kiberiti, mwenye kichwa cha moto, siku hiyo alikuwa na kichwa cha maji. Maana Wakili alikwenda kweli kwa mchapaji, kama alivyoahidi. Alichosahau kusema ni kwamba angekwenda na baba yake.

Kiberiti aliwakuta wameshafika, Wino amempigia simu kwa sauti ya mtu mwenye nyoka chumbani. Timazi alikuwa mlangoni, anausukuma mlango mbele, nyuma, mbele. Mlango ulikuwa unakwaruza sakafu.

"Nani alikutundikia mlango huu?"

"Nilitundika mwenyewe, mzee," alisema Wino.

"Inaonekana. Bawaba ya juu imeachia. Mlango ni kama mtu, ukimfunga vibaya juu atakukwaruza chini."

Aliingia, akavua kofia, akaiweka juu ya meza ya kukunjia kurasa. Kisha akaitikisa meza, akatikisa kichwa. Nyuma yake alisimama Mama Mkubwa, mkewe, mkoba kifuani, macho yakitazama sakafu kama anayetafuta pa kuanzia kupiga deki. Wakili alikuwa na tai, nakala ya majaribio, na kalamu nyekundu.

"Siku hizi shikamoo imepanda bei?" Timazi alimuuliza Kiberiti.

"Imeadimika tu, Baba Mkubwa. Kwangu haipatikani."

"Unaona?" Timazi alimgeukia Wino kwa upole. Upole ule! Kiberiti alihisi nywele za shingoni zikisimama kama zinasubiri kusukwa. "Ndivyo alivyokuwa tangu mdogo. Nilimlea kama wangu, nikamsomesha. Mimi sina kinyongo. Ila mtoto huyu alikuwa na njozi. Anaota, anaamka, anasema limetokea. Nimekuja kukuomba tu, fundi kwa fundi, usichape njozi ukaziita kweli."

"Tutaomba kwanza," aliongeza Wakili. "Baadaye hatutaomba."

"Ulisema wewe ni nani vile?" Wino aliuliza.

"Mshauri wa kisheria wa familia."

"Wa vioo vya simu," Kiberiti alisema. "Muulize kama ana cha simu yako."

Wakili alikohoa, akafungua nakala. Ilikuwa nyekundu kila mahali, kama imechinjiwa kuku. "Nitaonyesha uongo mmoja mmoja. Wa kwanza, kabati. Baba, tuliwahi kuwa na kabati ukumbini?"

"Kabati lipi?" alisema Timazi. "Ukumbini palikuwa na viti na redio."

"Mama?"

Mama Mkubwa aliuhamishia mkoba mkono mwingine. "Viti," alisema. "Na redio."

"Na mimi mwenyewe niliyekulia humo, sikumbuki kabati. Kwa hiyo..."

"Uligonga," Kiberiti alisema.

"Nini?"

"Uligonga mlango, wewe. Ko ko. Ukurasa huo mbona hujaupaka nyekundu? Ulipousoma ulijisikia vizuri, siyo? Ulijiona shujaa! Sasa niambie, uligonga nini? Redio?"

Wakili alikuwa mwekundu kuliko nakala. Wino alitazama mashine yake, mashine ikamtazama. Mambo yalikuwa yanaharibika, na Kiberiti aliyaona yakiharibika. Watatu wanasema hakuna, mmoja anasema lipo. Ukiwa wewe Wino, una mashine moja na watoto wa kulisha, utamsikiliza nani? Hasira ilimjaa mpaka ikamziba masikio. Kumbe unaweza kufungwa kabatini mara ya pili, ukiwa mkubwa, umevaa viatu vyako mwenyewe, katikati ya duka la watu, na wanaofunga ni walewale na wanakufunga kwa upole uleule.

"Tuendelee," alisema Wakili, akiharakisha kurasa. "Sura ya tatu. Sikilizeni jinsi mtu anavyojitungia. Nasoma." Akasafisha koo, akasoma kwa sauti ya kejeli, puani:

"*Lilikuwa kabati bovu. Lilimeremeta nje kama bibi harusi, lakini mlango wake ulikuwa umepinda kama mdomo wa mlevi...*"

Timazi aliinua uso.

"*...na juu ya mlango mbao zilikuwa zimepasuka, maana fundi aliyelitengeneza alikuwa na haraka, au mvivu, au alitumia mbao mbichi. Ndivyo kazi mbovu ya fundi ilivyoniokoa. Palibaki ufa...*"

"Rudia hapo," alisema Timazi.

"Wapi, baba?"

"Hapo kwenye mbao."

"*Au alitumia mbao mbichi,*" alisoma Wakili, akifurahi kwamba baba anafuatilia.

"Mbichi."

"Ndiyo. Unaona anavyo..."

"Uongo!" Timazi alipiga hatua mbele, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kiberiti akaisikia sauti ya Baba Mkubwa ikipanda. "Mbao mbichi? Mimi? Mbao zile nilizikausha msimu mzima kabla ya kuzigusa kwa randa! Mlango umepinda? Nenda kaushike, mpaka leo uko stoo, ufungue kwa kidole kimoja uone kama utakwaruza! Haujapinda hata unywele!"

"Baba," alisema Wakili.

"Niache! Ufa! Ufa gani? Kazi yangu ina ufa?" Alimnyooshea Kiberiti kidole kilichokosa ncha, kile kilicholiwa na msumeno zamani. "Ulichokiona ni matundu! Matundu, mwanamke wewe, nilitoboa mwenyewe kwa keekee, mstari mmoja, yamebanana, chini ya taji la kabati, kwa mshazari ili mgeni akisimama mbele asiyaone! Unajua ugumu wa kutoboa mshazari kwenye mbao ngumu bila kuzipasua? Halafu unaandika ufa! Unawaambia watu ufa!"

Wakili alibaki na kinywa wazi na kalamu hewani. Mama Mkubwa alifumba macho.

Timazi bado hakuwa amesikia alichokisema mwenyewe. Alikuwa anahema kama mtu aliyetetea heshima yake mahakamani na kushinda. "Ili upate hewa," aliongeza, sasa kwa sauti ya kunung'unika. "Ningekuacha ukose hewa? Mimi ni mnyama? Nilikutobolea, na sijawahi kusikia asante."

Sasa, wewe msomaji ungedhani Kiberiti alishangilia. Mtu mmoja wa ukoo alikuwa amepatikana, tena mwenyewe, tena kwa sauti ambayo hata muuza magazeti wa nje aliisikia. Lakini Kiberiti alikuwa amesimama pale, kiganja chake cha kulia kimefunguka chenyewe, kama kinategea kitu.

Matundu.

Mbao hazikupasuka zenyewe. Hakuna ubao uliokataa kumtii mtu yule. Ule mstari aliousimulia hadithi, alioupa majina, alioutabarukia kitabu, ulikuwa kazi ya mikono ya Baba Mkubwa. Alisimama pale na keekee, ulimi umetoka kidogo pembeni kama anavyofanya akipima, akapuliza vumbi la mbao, akatoboa lingine. Hata mwanga ulikuwa wake. Hata huo alimnyang'anya!

"Uliyatoboa lini?" aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo, na wateja wake wangekwambia, Kiberiti akiwa na sauti ndogo, tafuta mlango.

"Wakati natengeneza. Kabla ya vanishi. Ukitoboa baada ya vanishi inabanduka, kila fundi anajua."

"Na kabati ulilitengeneza lini?"

"Ule mwezi ulipoletwa wewe..."

"Halikuwa na rafu," Kiberiti alisema. "Sikulifikiria hilo hata siku moja. Halikuwa na rafu, halikuwa na fimbo ya kutundikia. Nilidhani mlilitoa vitu ili niingie. Lilikuwa la nini, Baba Mkubwa? Ulipokuwa unapima mbao, ulikuwa unapimia nini? Nguo?"

"Nguo hazihitaji hewa," alisema Timazi, kwa mazoea ya fundi anayemjibu mteja mjinga.

Na hapo akajisikia.

Ilimfikia polepole. Alitazama huku na huku, akaona nyuso, akatafuta meza ya kushikilia. Meza ikayumba.

"Nimesikia," alisema Wino. Alikuwa amesimama, nyusi zake tatu zote ziko juu. "Mimi nimesikia."

"Alichomaanisha mteja wangu," Wakili alianza, "yaani baba, ni kwamba kwa nadharia, kama kungekuwa na kabati..."

"Kijana, kaa na nadharia yako nje. Ukitaka kushtaki, shtaki. Nitamwita baba yako awe shahidi wangu, anaeleza vizuri."

"Ulinipimia," Kiberiti alisema. Sasa sauti ilikuwa inarudi, na ilirudi yote. "Nilikuja na begi moja, nina meno ya utoto, nimefiwa, na wewe ukanipima kwa macho ukaenda kuchagua mbao! Sijakukosea bado! Sijavunja sahani hata moja! Na mbao zenyewe ulikuwa nazo zinakauka! Miaka yote hii najiuliza ningefanya nini nisiingie mle. Ningecheka kidogo zaidi? Ningenyamaza zaidi? Kumbe nilikuwa nimeshatengenezewa! Toka! Toka kabla sijakushukuru!"

Timazi alitoka. Alitoka wima, lazima niseme, maana hata aibu haikuweza kumpinda mgongo. Wakili alimfuata, akirudi nusu kuokota nakala na kalamu nyekundu vilivyomwanguka, akabadili mawazo. Mlango ukakwaruza sakafu, krrr, na safari hii hakuna fundi aliyesema kitu.

Wino alikaribia swichi. "Basi, dada. Nawasha?"

"Subiri."

"Nisubiri nini tena? Kweli umepata."

"Sura ya tatu ni uongo," alisema Kiberiti. "Nimeandika ufa. Hapakuwa na ufa."

"Ah, hilo nani atajua?"

"Mimi. Na yeye." Alikaa juu ya rimu, akachukua nakala ile yenye damu, akaanza kufuta. Alifuta mlango uliopinda, akafuta mbao mbichi, akafuta fundi mvivu. Akaandika: *Lilikuwa kabati zuri sana. Halikuwa na kosa hata moja.* Akaisoma, ikamtisha kuliko ile ya kwanza.

Kisha akafika kwenye ukurasa wa tabaruku. Akapitisha mstari mmoja. Hakuandika kitu juu yake.

"Huo tuutoe?" Wino aliuliza, akichungulia. "Ukurasa mtupu unakula karatasi bure."

"Uache ule hizo karatasi."

Mlango ulikwaruza. Alikuwa Mama Mkubwa, peke yake.

"Amesahau kofia," alisema.

Kofia ilikuwa palepale mezani. Aliichukua, akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. Hakuondoka.

"Mimi umeniandikaje?"

Kiberiti hakuinua kichwa. "Sijakuandika."

"Popote?"

"Popote. Nimekuruka. Nilikuonea huruma, nikasema yule naye alikuwa anaishi kwa mtu."

Mama Mkubwa alipumua, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. "Mungu akubariki, mwanangu."

Ingeweza kuishia hapo. Angegeuka, angetoka na kofia yake, na Kiberiti angebaki na huruma yake. Lakini pumzi ile, Kiberiti aliijua. Alishaisikia. Aliisikia ikipita nje ya mlango ule wa kabati usiokwaruza, pamoja na maji kwenye ndoo na kitambaa kinachokamuliwa, asubuhi baada ya asubuhi. Pumzi ya mtu anayeshukuru kwamba halimhusu.

"Wewe ndiye uliyekuwa unapaka vanishi," alisema. "Kazi zake zote ulikuwa unampakia wewe. Alikuwa hapendi harufu."

Mama Mkubwa alitazama kofia.

"Kwa hiyo uliyaona matundu. Kabla yangu. Ulipitisha brashi juu yake."

"Mimi ningefanya nini, mwanangu?"

"Sijui. Usiniite mwanangu. Ungeuliza ni ya nini."

"Niliuliza," alisema Mama Mkubwa, taratibu sana. "Akaniambia. Nikamaliza kupaka."

Alingoja, labda neno, labda shikamoo ile iliyoadimika. Hakupata. Mlango ukakwaruza mara ya mwisho.

Wino alikuwa anajifanya anapaka mashine mafuta. "Karatasi bado unahitaji?" aliuliza bila kugeuka.

"Nipe."

Alimpa kipande cha karatasi safi kilichobaki kwenye mashine ya kukatia. Kiberiti alikiweka juu ya goti, mahali palepale ambapo zamani mwanga ulikuwa unashukia, akaandika sentensi ya kwanza ya sura ambayo haikuwepo: *Mama Mkubwa alipaka vanishi mara mbili, na alikuwa na mkono mzuri.*

"Sasa washa," alisema. "Anza na zilizo tayari. Hii nakuja nayo."